Kutoka Hamartia hadi Dadu: Dosari ya Mhusika katika Kanuni za Michezo ya Uhusika

Istilahi ya dosari ya mhusika hutumika katika uhakiki wa tamthilia kwa maana mbili ambazo aghalabu hazitenganishwi. Kwa maana ya kwanza, dosari ni sifa: mhusika ana tamaa, ana kiburi, ni mwoga, na mhakiki huziorodhesha sifa hizo kama mwenye duka anavyohesabu bidhaa rafuni. Kwa maana ya pili, dosari ni tukio: ni jambo ambalo mhusika analitenda mahali fulani na kwa wakati fulani, na ambalo likishatendwa haliwezi kutenguliwa. Mwanafunzi wa shule ya upili anayejibu swali la sifa za wahusika hufunzwa maana ya kwanza, na wengi huingia chuo kikuu wakiamini kwamba wakishataja tamaa ya Makbeth, ambaye wasomaji wa Kiswahili wamekuwa naye tangu tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1968, wamekwisha kueleza anguko lake. Hata hivyo, Banquo naye aliusikia utabiri kutoka vinywa vile vile, wala hakukosa kutamani. Kinachowatenganisha wawili hao ni kisu.

Makala haya yanachunguza uwanja mmoja ulio nje ya fasihi andishi ambamo maana hizo mbili zililazimika kutenganishwa kwa kuwa dosari ilihitaji kuandikwa kwa tarakimu. Uwanja huo ni ule wa michezo ya uhusika inayochezwa mezani, ambayo ilianzia Marekani katika miaka ya sabini. Istilahi yenyewe inahitaji kufafanuliwa. Katika Kiswahili, mchezo wa kuigiza ni tamthilia ya jukwaani, ilhali neno mchezo peke yake hubeba pia bao, karata na kandanda. Mchezo wa uhusika unakaa katikati ya maana hizo. Wachezaji kadhaa huketi pamoja, kila mmoja akiwa amevaa uhusika wa mtu wa kubuni ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao, msimamizi, husimulia mazingira na kuwasemea wahusika wengine wote. Na panapotokea jambo lenye mashaka, dadu hurushwa. Hakuna hadhira wala mswada. Kisa hutungwa na wale wale wanaokitenda, na kanuni za mchezo ndizo zinazochukua nafasi ya umbo ambalo mtunzi wa tamthilia angelitia kwa mkono wake.

Ni vyema kukumbuka kwamba Aristotle, katika sura ya kumi na tatu ya Poetiki, hakusema kwamba shujaa wa tanzia ana dosari. Alisema kwamba shujaa huanguka kwa sababu ya hamartia, neno la Kigiriki lenye asili moja na kitenzi kilichotumiwa kwa mrusha mkuki au mpiga mshale aliyekosa shabaha. Mkuki hukosa shabaha pale tu unaporushwa. Wahakiki wa baadaye, hasa wale waliosoma tanzia kupitia Shakespeare kwa mwongozo wa A. C. Bradley na kitabu chake cha mwaka 1904, waliihamisha hamartia kutoka mkononi mwa shujaa na kuiweka moyoni mwake, ikawa kilema cha tabia. Uchunguzi wa J. M. Bremer wa mwaka 1969 ni miongoni mwa kazi zilizoirudisha kwenye kutenda, yaani kosa linalofanywa kwa kutojua. Mgogoro huu wa wataalamu wa Kigiriki ungeweza kudhaniwa kuwa wa vitabuni tu, kama wabunifu wa michezo, ambao wengi wao walitoka katika michezo ya vita na wala si katika idara za fasihi, wasingeukuta upya mezani kwao.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR mjini Lake Geneva, Wisconsin. Mhusika wake alikuwa na uwezo wa aina sita, kama vile nguvu, akili na hekima, na kila mmoja ulipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, kuanzia 3 hadi 18. Anayepata 5 katika hekima ana upungufu, lakini hana dosari. Upungufu ni kukosa kitu. Dosari ni kuwa na kitu ambacho kinamvuta mtu upande usiofaa. Mchezo huo ulirithi mantiki ya uwanja wa vita, ambako askari dhaifu ni askari dhaifu tu, na katika miaka yake ya mwanzo haukuhitaji zaidi ya hapo.

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1981 kupitia Champions, mchezo wa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida uliobuniwa na George MacDonald na Steve Peterson huko California. Hapa mhusika hakupatikana kwa bahati ya dadu. Alinunuliwa. Mchezaji alipewa alama 100 za kununulia nguvu na ustadi, na kama hazikumtosha, aliweza kujiongezea nyingine kwa kukubali mapungufu: adui anayemsaka, ndugu au mpenzi anayehitaji kulindwa, utambulisho wa siri, udhaifu wa mwili mbele ya kitu fulani, au kizuizi cha nafsi kama vile kiapo cha kutoua. Dosari ilipata bei kwa mara ya kwanza ikiwa sehemu ya msingi ya mfumo. Zaidi ya hayo, ilipewa kipimo cha marudio. Adui anayesaka aliweza kuwekwa katika viwango vitatu, 8, 11 au 14, na mwanzoni mwa kila kisa dadu tatu zilirushwa ili kujua kama atajitokeza. Hesabu ya dadu hizo ni rahisi: adui wa kiwango cha 8 hujitokeza karibu mara moja katika visa vinne, yule wa 11 katika visa vitano kati ya vinane, na yule wa 14 katika visa tisa kati ya kumi. Mwenye adui wa kudumu alilipwa zaidi ya mwenye adui wa nadra.

Hili lilikuwa wazo kubwa, na ni haki lisifiwe kabla ya kukosolewa. Kabla yake, mchezaji aliyetaka shujaa mwenye kilema alijiadhibu mwenyewe bure. Champions ilitambua kwamba kilema ni mchango kwa kisa kizima, kwamba adui wa shujaa mmoja ni burudani ya meza nzima, na kwa hiyo anayemleta astahili ujira. Kosa lilikuwa katika wakati wa kulipa. Ujira ulitolewa siku mhusika alipozaliwa, kabla hajatenda lolote. Dosari ikawa mkopo, na kama ilivyo kwa wakopaji wengi, mchezaji aliyekwisha kuzitumia fedha hakuwa na hamu ya kumwona mdai. Ndiyo maana wachezaji walizoea kuchagua dosari zilizoahidi kutowagusa, mathalani hofu ya bahari kwa shujaa ambaye visa vyake vyote vingetendeka jijini. Msimamizi aligeuka kuwa mkusanya madeni, akijitahidi kuikumbuka hofu ile na kumtafutia shujaa safari ya meli.

Orodha ya Champions ilikuwa na tatizo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona upesi akimkumbuka Fumo Liyongo. Kwa mujibu wa mapokeo, Liyongo hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, naye alikufa kwa sababu alimfichulia siri hiyo mwanawe mwenyewe. Kitovu ni udhaifu wa mwili. Kufichua ni hamartia. Champions ingeyaweka yote mawili katika orodha moja, kila moja na bei yake, kana kwamba ni bidhaa za aina moja. Lakini kitovu cha Liyongo hakina hadithi yoyote ndani yake. Angeweza kuishi nacho hadi uzeeni. Hadithi inaanza pale baba anapomtazama mwanawe na kuamua kusema.

Waliofuata walijaribu kuziba mianya bila kubadilisha msingi. GURPS, mchezo wa Steve Jackson wa mwaka 1986, uliendeleza biashara ya alama na kuiwekea mipaka: katika kanuni zake za miaka hiyo mapungufu hayakutakiwa kuzidi alama 40, na vijitabia vitano vya alama moja moja viliruhusiwa juu yake. Marekebisho yenye maana zaidi yalikuja katika toleo la nne la mwaka 2004, ambapo dosari nyingi za nafsi ziliambatanishwa na namba ya kujizuia: 6, 9, 12 au 15. Mwenye hasira, akichokozwa, hurusha dadu tatu; akipata namba yake au chini yake amejizuia, akizidi amelipuka. Mwenye namba 12 hujizuia takriban mara tatu katika nne, na mwenye namba 6 chini ya mara moja katika kumi, na huyu wa pili hulipwa maradufu ya bei ya kawaida. Ni dhahiri kwamba wabunifu walikuwa wamekwisha kuhisi kuwa dosari haina budi kuwa na saa yake. Hata hivyo, malipo yalibaki pale pale mwanzoni.

Call of Cthulhu wa Sandy Petersen, uliotolewa pia mwaka 1981, huhesabiwa mara nyingi katika historia hii kwa sababu ya alama zake za timamu ya akili, zinazopungua kila mhusika anapoyaona yasiyopasa kuonekana na ambazo zikiisha humpokonya mchezaji mhusika wake. Lakini kinachomwangusha mtafiti wa mchezo huo kinatoka nje yake. Ni jeraha, si dosari, isipokuwa mtu aseme kwamba dosari ni ule udadisi uliomfungulisha mlango, na udadisi huo haukuandikwa popote kwenye karatasi.

Kazi inayostahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko zote za muongo ule ni Pendragon ya Greg Stafford, iliyochapishwa na Chaosium mwaka 1985. Stafford aliichukua dunia ya Mfalme Arthur na mashujaa wake wapanda farasi, naye aliwasoma kama msomaji wa fasihi: aliona kwamba watu hao hawaangushwi na upanga bali na mapenzi, wivu na viapo. Kila mhusika wa Pendragon ana jozi 13 za tabia zinazopingana, kama vile rehema na ukatili, ushujaa na woga, unyenyekevu na majivuno, na jumla ya kila jozi ni 20. Anayepewa 16 katika rehema hana budi kuwa na 4 katika ukatili. Hakuna kinachonunuliwa bila kingine kupungua, na hakuna tabia iliyo sifuri kwa sababu tu mwenyewe anajiona mwema. Adui aliyeangushwa anapoomba msamaha, dadu ya pande 20 inarushwa dhidi ya rehema. Ikishindikana, inarushwa dhidi ya ukatili. Ikishindikana tena, ndipo mchezaji anapoachiwa kuamua. Kwa yule mwenye 16 na 4, hesabu yake ni hii: katika mara mia atasamehe mara 80, ataua bila huruma mara nne, na mara 16 zilizosalia atakuwa huru.

Mara nne hizo ndizo zenye uzito. Shujaa mwenye rehema anajikuta, siku moja, na damu ya mtu aliyekuwa amepiga magoti. Mchezaji hakulitaka jambo hilo, wala mhusika hakulipanga. Wote wawili wamelishuhudia likitoka mkononi mwao. Isitoshe, tendo likishatendeka tabia huwekewa alama, na mwaka wa mchezo unapokwisha, wakati wa baridi, dadu hurushwa ili kuona kama tabia hiyo imepanda. Kwa hiyo namba iliyo kwenye karatasi si maelezo ya mtu alivyoumbwa. Ni mashapo ya matendo yake. Hapa Stafford alikuwa karibu zaidi na Aristotle, yule wa maadili na yule wa Poetiki, kuliko wengi wa wahakiki waliomtaja Aristotle kwa jina. Anayetaka kueleza tofauti ya sifa na tendo kwa wanafunzi anaweza kufanya vibaya zaidi ya kuwawekea ukurasa huo mbele.

Pendragon haikuwa na warithi wengi wa moja kwa moja katika muongo wa tisini. Mchezo uliotawala sehemu ya kwanza ya muongo huo kwa upande huu wa uwanja, Vampire: The Masquerade wa Mark Rein-Hagen (1991), uliegemea huku na huku. Kwa upande mmoja, kitabu chake cha wachezaji cha mwaka huo huo kilirudisha dosari za kununua, kwa kikomo cha alama saba. Kwa upande mwingine, mhusika aliyetenda kulingana na hulka yake ya ndani alirudishiwa nguvu za nia. Katika kanuni hii ndogo, iliyokaa pembeni ya nyingine zenye kelele zaidi, malipo yalikuwa yameanza kusogea kutoka kuzaliwa kwa mhusika kuelekea tendo lake.

Kusogea huko kunaonekana waziwazi zaidi katika mchezo mmoja uliotolewa mara mbili. 7th Sea, uliobuniwa na John Wick na wenzake mwaka 1999, ni mchezo wa mabaharia na wapiga panga katika dunia inayofanana na Ulaya ya karne ya kumi na saba. Dosari ya shujaa ndani yake inaitwa hubris, neno la Kigiriki la kiburi kinachovuka mpaka. Katika toleo la 1999, anayeichukua hubris alipata alama 10 za kumjengea mhusika wake, naye msimamizi aliweza baadaye kuiamsha kwa kutoa moja ya dadu zake maalumu, huku mchezaji akiweza kutoa yake ili kumzuia. Wawili hao walikuwa wanavutana kamba. Katika toleo la pili la mwaka 2016, kamba imelegezwa: hubris hailipi chochote mwanzoni, bali mchezaji anayeifuata na kujitia matatani hupata papo hapo alama ya ushujaa atakayoitumia baadaye. Jina ni lile lile na tanzia ya Kigiriki inayodokezwa ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya malipo tu, na kwa badiliko hilo mchezaji aliyekuwa akiificha dosari yake anaanza kuitafuta.

Kati ya matoleo hayo mawili kulikuwa na Fate ya Rob Donoghue na Fred Hicks, iliyotokea mwaka 2003 na kupata umbo linalofahamika zaidi katika Fate Core ya mwaka 2013. Dosari katika Fate haichaguliwi kutoka orodha. Mchezaji huiandika kwa maneno yake mwenyewe, na mhusika wa Fate Core hutakiwa kuwa na sentensi au kirai kimoja kinachotaja tatizo lake. Msimamizi anapoona nafasi, humsogezea mchezaji alama moja na kupendekeza balaa litokanalo na maneno hayo. Anayekubali huichukua alama na balaa lake. Anayekataa hulipa alama kutoka mfukoni mwake. Wema, kwa maneno mengine, una gharama, na anayetaka kuushinda udhaifu wake kila mara atafilisika.

Pingamizi moja haliwezi kuepukwa hapa. Edipode, ambaye tafsiri ya Mushi ya mwaka 1971 ilimleta katika Kiswahili, hakukubaliana na yeyote kumuua baba yake. Aliua kwa kutojua, na kutojua huko ndiko kunakoifanya hamartia yake iwe hamartia. Mchezaji wa Fate anajua kila kitu: analiona balaa likija, anapewa bei, anaafiki. Je, kuna tanzia katika mapatano? Jibu la kawaida ni kwamba anayejua ni mchezaji, si mhusika, na kwamba hali hiyo ni kinaya cha kidrama kilichohamia mezani, mchezaji akiwa ameketi katika kiti cha mtunzi na cha hadhira kwa wakati mmoja. Jibu hilo ni zuri lakini halitoshi. Linafaa kwa dosari za kutamani, kama ya Makbeth, ambaye naye alijua alichokuwa akikifanya alipokuwa akielekea chumbani kwa Duncan. Halifai kwa dosari za kutojua. Kanuni inayodai ridhaa inaweza kumzaa Makbeth. Haiwezi kumzaa Edipode. Kwa huyo wa pili dadu za Stafford bado ndizo zilizofika karibu zaidi, nazo pia humshtua mchezaji kuhusu moyo wa mhusika wake, si kuhusu baba yake ni nani.

Kuhusu namna dosari inavyokwisha, uhakiki umesema machache, na michezo mingi imesema machache zaidi. The Shadow of Yesterday wa Clinton R. Nixon (2004) una kanuni inayoitwa funguo. Mwenye ufunguo wa mwoga hupata alama ya uzoefu kila anapoukwepa mapigano. Lakini kila ufunguo una mlango wa kutokea: mwoga huyo akijitosa vitani bila kusita, anaweza kuupoteza ufunguo wake milele na kulipwa alama 10 kwa mara moja. Malipo madogo ya kila siku yamewekwa upande mmoja wa mizani, na malipo makubwa ya kuongoka upande wa pili, na mchezaji anaachwa kati yake kwa muda apendao. Kisicho cha kawaida ni kwamba kuongoka kunalipwa bila kuamriwa. Mtu anaweza kuendelea kuwa mwoga hadi mwisho wa kisa na asipoteze kitu, isipokuwa ile nafasi ya kukoma.

Dungeons & Dragons wenyewe ulilifikia suala hili mwaka 2014, miaka 40 tangu uzaliwe. Toleo lake la tano lilimtaka kila mhusika aandike mapendeleo, maadili, mafungamano na dosari yake, na likamruhusu msimamizi amtunuku msukumo mchezaji aliyeiigiza dosari hiyo vyema. Msukumo huo ulimpa nafasi bora katika urushaji mmoja wa dadu, na haukuweza kulimbikizwa. Malipo yaliwekwa mahali pake, kwenye tendo. Lakini yaliachwa mikononi mwa hisani ya msimamizi, ambaye alikuwa na majoka na ramani za kushughulikia, na katika meza nyingi dosari ilibaki mstari mmoja pembeni mwa karatasi, ukisomwa siku ya kwanza kisha ukasahauliwa. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2024 halikuudumisha utaratibu wa kuambatanisha dosari na usuli wa mhusika. Msukumo umebaki, kwa jina la msukumo wa kishujaa, na unamruhusu mchezaji kurudia kurusha dadu yoyote. Nafasi ya ile sentensi ya dosari haipo tena kwenye karatasi.